Dirisha la Kilo Mia Nne

Zahanati ya Lusyobe,
S.L.P. 41, Mbeya.
12 Januari 1976

Mdogo wangu Asukile,

Ndaga, asante. Barua yako ya Krismasi ilifika tarehe 6, imelowa pembe moja. Maneno yote yalisomeka isipokuwa jina la mwenye nyumba wako, na hilo nadhani hata likiwa kavu lisingesomeka. Sisi ni wazima. Goti la Baba linamsumbua asubuhi na kumwacha mchana, kwa hiyo asubuhi anatutuma na mchana anatufuata kuona kama tumefanya. Mama amepanda maharage mara mbili, maana ya kwanza yaliozeshwa na mvua. Shemeji yako Filemoni anakusalimu kutoka kwenye vumbi la randa. Anatengeneza madawati ya shule na amekuwa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye unga.

Sasa nisikilize. Ulituandikia kwamba umehamishiwa kwenye ghala linalokusanya vioo vya kwenda kuyeyushwa Dar es Salaam, na kwamba vijiji vinaweza kulipwa vioo vya dirisha badala ya fedha. Uliandika mstari mmoja tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nimeunakili katika shajara yangu na kuupigia mstari.

Unakijua chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu. Kina dirisha moja, upande wa mashariki, na dirisha lenyewe ni la mbao tupu. Likifunguliwa, upepo wa mlimani unaingia mpaka maji ya beseni yanapoa mkononi. Likifungwa, ni giza mchana kweupe, na mafuta ya taa tunayapata kwa bahati. Mimi ni karani wa kadi tu, si mkunga, lakini meza yangu iko nyuma ya ukuta huo na nasikia Mama Atuganile anavyopapasa akitafuta mkasi.

Nimepima. Fremu ya vioo sita ingetosha. Filemoni ataitengeneza. Naomba uniambie vioo sita vinapatikana kwa kilo ngapi, na sheria zake ni zipi, zote, usiniandikie nusu. Ningependa kazi iwe imekwisha kabla ya katikati ya Juni, kwa sababu ya baridi.

Ni mimi dada yako,
Damari


Iringa,
2 Februari 1976

Dada Damari,

Nakusalimu wewe na wote waliokuzunguka, wenye vumbi na wasio na vumbi. Mwenye nyumba wangu anaitwa Mwachang'a. Mimi ni mzima, nimeongezeka kidogo, kwa sababu huku watu wanapika viazi kwa njia sita. Baridi ya Iringa haijanishinda. Nawaambia wenzangu ofisini kwamba hawajaona baridi mpaka walale Lusyobe mwezi wa saba.

Nimempelekea ombi lako msimamizi wetu, Mzee Kalinga. Ni Mhehe wa makamo, mwembamba, ambaye huinamia gunia la vioo na kulitikisa akisikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Kisha anasema, "Humu kuna kikombe." Tunamwaga, na kweli kikombe kimo. Jibu lake ni hili: kilo mia nne kwa vioo sita, ghalani kabla ya tarehe 31 Mei, siku ambayo lori la Dar linaondoka. Likishaondoka, jingine ni Septemba.

Sheria uliomba zote, basi zote. Vioo vitenganishwe kwa rangi: vyeupe peke yake, kijani peke yake, kahawia peke yake. Kipande kimoja cha kijani katika vyeupe huharibu rangi ya tanuri zima. Vizibo vyote viondolewe, na ile pete ya bati inayobaki shingoni pia. Karatasi za nje si kitu, zitaungua. Msichanganye vikombe, sahani wala vigae, maana haviyeyuki pamoja na chupa, hubaki kama jiwe ndani ya chupa mpya, na chupa hiyo hupasuka mkononi mwa mtu. Kioo cha kujitazamia hapana, kina rangi nyuma. Chimni za taa hapana, zimetengenezwa kustahimili moto. Globu hapana. Hata kioo cha dirisha kilichovunjika kinawekwa kando, si ndani ya chupa. Kila kitu kioshwe kwa maji, kikauke, kiwe kitupu.

Chupa nzima isiyo na kasoro msiivunje, itumieni nyumbani. Sisi tunataka zilizovunjika na zilizomeguka midomo.

Swali dogo. Baridi ya Lusyobe ilianza kabla hatujazaliwa mimi na wewe. Kwa nini mwaka huu iwe Juni, tena katikati?

Mdogo wako,
Asukile


Lusyobe,
1 Machi 1976

Mdogo wangu Asukile,

Salamu kutoka kwa wote. Goti la Baba limepona kwa sababu amepata kazi ya kusimamia watu. Mama anauliza hizo njia sita za kupika viazi ni zipi, na ni nani anayekupikia. Nimemwambia labda ni mama mwenye nyumba. Ameguna.

Tarehe 15 Februari, baada ya ibada, niliruhusiwa kusema na akina mama nje ya kanisa. Nilikuwa nimeandika sheria zako kwenye karatasi na nikazisoma moja moja. Kwanza walinitazama kama niliyewaomba mawe ya mtoni. Mzee Saulo, ambaye hakuwa mama na hakualikwa, akauliza, "Vioo vilivyovunjika vinakwenda kufanywa nini huko Dar? Si watu watakula?" Nikamweleza vinayeyushwa kama mafuta ya ng'ombe, vinamiminwa upya. Akasema, "Basi na meno yangu wayayeyushe." Watu wakacheka, na baada ya kucheka kazi ikawa nyepesi.

Nilichimba mashimo matatu nyuma ya zahanati, nikaweka kipande cha mfano ukingoni mwa kila shimo ili asiyesoma naye asikosee. Kwa wiki mbili watoto hawakuruhusiwa kugusa. Watu wazima waliokota kwa majembe na vikapu kutoka kwenye majalala, kwenye shamba la kahawa la zamani, na kule chini ambako wajenzi wa barabara walikuwa na kambi. Kambi hiyo peke yake imetupa magunia mawili. Wajenzi wale walikuwa na kiu. Mama Atuganile anasema mwaka huu atashona nyayo chache.

Mzee Saulo alileta kioo chake cha kunyolea, akiwa amekivunja makusudi ili kikubalike. Nilimrudishia. Amekasirika na hanyoi ndevu.

Magunia ya vipande yamejaa, lakini mizani yetu ya watoto haiwezi kuyapima. Sasa nimewaomba akina mama walete chupa zilizomeguka midomo. Nimesema wazi: zioshwe, zikaushwe, ziletwe bila vizibo. Mzigo utachukuliwa na Nkuba, yule Msukuma dereva wa lori la mpunga wa Rujewa, ambaye mke wake alijifungulia kwetu mwaka juzi akiwa safarini. Alisema, "Chumba kile nakijua. Nilikaa mlangoni, nikasikia mnaulizana mtoto yuko wapi. Nitabeba bure." Chupa zitakuja ndani ya matenga yenye majani makavu. Mimi nitakuwa Tukuyu kwa semina ya kadi siku ya kupakia, lakini Filemoni atakuwepo.

Swali lako nimelisoma.

Dada yako,
Damari


Iringa,
9 Aprili 1976

Dada Damari,

Habari za siku nyingi. Natumaini Pasaka mtaila vizuri. Mimi ni mzima isipokuwa mikono, ambayo imechubuka, na sikio la kushoto, ambalo limeumwa na nyuki. Nitaeleza.

Mzigo ulifika Jumanne. Lori la Nkuba lilikwama siku mbili kwenye matope, lakini hakupoteza hata gunia. Vipande vilikuwa safi kabisa. Mzee Kalinga alitikisa magunia yote, akasikiliza, hakusikia kikombe. Kilo 231. Aliniambia, "Huko kwenu kuna mtu mwenye akili," nami sikusema ni ukoo mzima.

Kisha tukafungua matenga.

Dada, chupa zilikuwa zimejaa. Ya kwanza maharage. Ya pili maharage. Ya tatu karanga, ya nne unga wa ulezi, ya tano maziwa yaliyoganda, ambayo baada ya siku mbili za matope yalikuwa na maoni yake. Zote zimezibwa kwa magunzi ya mahindi, kwa uangalifu mkubwa. Nilihesabu chupa mia moja na sabini na nne, na sikupata tupu hata moja. Asali ilikuwa katika kumi na moja. Unajua gunzi linavyoziba mdomo uliomeguka. Asali ilitembea tenga zima, na nyuki wa mji wa Iringa wakapata habari kabla ya Mzee Kalinga.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akiwapunga. Akasema, "Karani, hili ni ghala la vioo au ni genge la mama yako?" Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Akasema mzigo hauingii, kwa sababu sheria ni kitupu, safi, kikavu, na yeye hajaona kitu kilichovunja sheria tatu kwa pamoja kama hiki.

Nilimwomba siku tatu. Nimemwaga, nimeosha, nimeanika. Mtu mmoja alinisaidia. Jana zimepimwa: kilo 87. Ukijumlisha na vipande ni 318. Zinapungua kilo 82, na Mei ni fupi.

Wewe ambaye ukiandika orodha ya sokoni unaweka tarehe, imekuwaje? Hukuwaambia zije tupu?

Mdogo wako mwenye sikio,
Asukile


Lusyobe,
3 Mei 1976

Mdogo wangu Asukile,

Pole kwa sikio. Barua yako nilikuwa nayo tangu tarehe 17 Aprili. Nimeanza kujibu mara nne, na mara nne nimechana karatasi. Wote ni wazima. Mvua imekata, na umande wa asubuhi umeanza kuuma vidole.

Niliwaambia zije tupu, na zilikuja tupu. Niliporudi kutoka Tukuyu mzigo ulikuwa umekwenda, nikamuuliza Filemoni kama yote yalikwenda sawa, akasema sawa kabisa. Nilipopata barua yako nikamsomea. Akanitazama kwa mshangao, si kwa sababu ya nyuki. Akasema, "Kwani ulitaka mzigo uende kwa Asukile mtupu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya kupakia, mama mmoja aliuliza chupa zinapokelewa na nani huko Iringa. Filemoni akajibu, na Asukile, mtoto wa Mzee Jailos. Basi. Sheria za ghala zikaishia pale. Tangu lini mtu wa Lusyobe akampelekea mtoto wa mwenzake chombo bila kitu ndani? Kila mmoja akachukua chupa zake, akaenda nazo nyumbani mbio, akarudi nazo zimejaa. Walimfanya Nkuba asubiri saa tatu. Mama yetu mwenyewe alijaza tisa. Walipouliza kama Damari atakasirika, Mama akawaambia Damari amesoma lakini ana adabu.

Siwezi hata kuwagombeza. Kabla ya kwenda Tukuyu nilikuwa nimeweka chupa yangu moja katika tenga la kwanza, ya karanga zilizokaangwa, na jina lako kwenye karatasi. Kwangu nilidhani ni moja tu.

Sasa kilo 82. Nimezunguka na kikapu, hakuna. Kijiji hiki hakijawahi kuwa safi namna hii. Mtu anaweza kutembea pekupeku toka kanisani hadi mtoni.

Nitakujibu swali la Juni, kwa sababu sina tena kilo za kujificha nyuma yake. Nina mimba ya miezi saba. Mkunga anahesabu katikati ya Julai. Sikuandika kwa sababu mambo haya hayaandikwi mapema, na kwa sababu ya ile ya kwanza.

Wewe ulikuwa shuleni, ulielezwa tu kwamba haikuwa heri. Ilikuwa tarehe 11 Julai 1974, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali nje, na upepo. Dirisha lilifungwa ili mtoto asipigwe na baridi, na taa haikuwa na mafuta. Alilia mara mbili. Mama Atuganile alimsikiliza kwa sikio na kumpapasa kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Walipofungua mbao alikuwa ameshafunikwa. Mama Atuganile anasema kama kungekuwa na mwanga angeona midomo yake inabadilika. Hasemi kwamba angepona, na mimi sisemi. Lakini nilikuwa na mtoto mchana kweupe, Asukile, na sikumwona uso.

Katika shajara ya siku hiyo nimeandika tarehe tu.

Fremu imekamilika. Filemoni ameipaka mafuta na kuiegemeza ukutani nyumbani kwetu, na kila anayepita anatazama kupitia matundu yake sita.

Na huyo mtu mmoja aliyekusaidia kuosha chupa mia moja na sabini na nne, ana jina?

Dada yako,
Damari


Iringa,
24 Mei 1976

Dada yangu Damari,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Pole sana, dada yangu, kwa tarehe 11 Julai. Nimenunua kalenda ya ukutani, nimeikunja ukurasa wa Juni na wa Julai, na nimekwenda kazini.

Sasa habari. Jina lake ni Kalista. Anafundisha darasa la pili. Nilikuwa sijakueleza kwa sababu ni binti wa Mzee Kalinga.

Siku ile ya nyuki alimletea baba yake chakula cha mchana, akanikuta nimezungukwa na maharage mpaka magotini. Hakucheka mbele yangu, alizunguka ghala kwanza. Aliporudi akakunja mikono ya gauni akaosha chupa pamoja nami siku tatu, na baba yake alikuwa akipita kila nusu saa kutikisa magunia ambayo alishayatikisa.

Vile vyakula visingekaa ghalani. Kalista akaazima madebe na vikapu mtaani kwao, tukagawa kila nyumba: maharage, karanga, ulezi, asali iliyobaki. Nyumba thelathini hivi. Maziwa tulizika. Sikukuandikia haya kwa sababu nilidhani ni mwisho wake, na kwa sababu ningelazimika kuandika tuligawa, nawe ungeuliza sisi ni akina nani.

Barua yako ilipofika nilimsomea Kalista, si yote, habari ya kilo na ya mwezi wa Julai. Kisha akasema, "Zile nyumba bado zina deni la kurudisha vyombo. Akina mama wanasumbuka hawajui wamrudishie nini kijana asiye na jiko. Ngoja nikawaambie unachokula."

Dada, Jumamosi na Jumapili walikuja. Mama mmoja mmoja, debe kichwani, na ndani ya kila debe, juu ya nguo safi, vipande vya chupa vilivyooshwa. Vimefukuliwa nyuma ya nyumba, kwenye mashimo ya taka, nyuma ya vilabu vya pombe ya ulanzi. Kalista alikuwa ameshika karatasi ya sheria kama anasahihisha daftari: vyeupe kule, kijani hapa, mama hiki ni kigae rudi nacho. Bibi mmoja alileta kipande kimoja cha kahawia katika bakuli, akanishukuru kwa karanga.

Mzee Kalinga alipima. Kilo 91. Akapima tena. Akaniuliza, "Hizi kilo tisa zilizozidi nifanye nazo nini?" Nikasema sijui, Mzee. Akasema, "Siwezi kukaa na vitu vya watu bila kurudisha kitu," akaenda mwenyewe nyuma, akaja na kioo cha saba.

Vimo ndani ya kasha, vimezungukwa na pumba za mpunga alizoleta Nkuba kutoka Rujewa, na ataondoka nalo kesho. Limeandikwa juu na chini. Ndani utakuta pia gauni dogo la sufu. Limefumwa na Kalista, na yeye ndiye aliyekataa kasha liende na vioo peke yake.

Huyo Kalista, nyumbani wasiambiwe kwanza.

Mdogo wako,
Asukile


Lusyobe,
18 Julai 1976

Mdogo wangu Asukile,

Ndaga fijo, asante sana. Nisamehe kwa kimya. Nitakueleza mambo kwa utaratibu, na wewe usiruke kwenda mwisho wa ukurasa, nakujua.

Wote ni wazima. Baba hana goti tena, ana fimbo mpya. Mzee Saulo amenyoa.

Kasha lilifika tarehe 28 Mei. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, kile cha kona, kwa hiyo mshukuru Mzee Kalinga kwa zile kilo tisa. Kilichopasuka hakikutupwa na hakikuingia kwenye shimo la chupa. Nimekifunga kando na kukiandika. Dirisha lilisimama tarehe 2 Juni. Siku nzima watu walikuja, wakasimama nje wakatazama ndani, kisha wakaingia ndani wakatazama nje. Mashimo matatu bado yapo. Akina mama wanataka sasa dirisha la chumba cha sindano, na wameniuliza kama bado utakuwa unapokea wewe, ili wajue cha kujaza.

Kuhusu habari ambayo nyumbani wasiambiwe: nilimwambia Mama peke yake. Mama alimwambia Baba peke yake. Nkuba, akirudi huko, ana chupa moja ya asali, nzima, yenye kizibo chake halisi. Ni ya mama yake Kalista. Baba anasema asisumbuke kuirudisha. Yeye na wazee wawili wataifuata wenyewe mwezi wa Septemba, mahindi yakishaingia ghalani, na hawatakwenda mikono mitupu. Vaa shati safi.

Sasa mwisho wa ukurasa.

Tarehe 9 Julai, Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi. Nje kulikuwa na jalidi kwenye majani, na upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa, na jua lilikuwa limepita kwenye vioo vyote sita mpaka ukuta wa pili. Mama Atuganile aliona mkasi pale alipouweka. Aliona kitovu kimezunguka shingo mara moja, akakitoa kwa kidole, bila haraka, akizungumza na mimi habari za viazi.

Anaitwa Tusekile. Ana nyusi za Baba, zile zinazotaka kukutana, na kovu dogo la kujikwaruza kwenye kidevu. Amevaa gauni la sufu la Kalista, na mikono yake mirefu inaning'inia kama ya padri.

Nimeandika yote katika shajara, kurasa tatu. Lakini mstari wa kwanza ni huu, nakunakilia wewe: nilimwona uso kabla hajalia.

Dada yako,
Damari